Mukono Yenye Ilinuka Klore

Minaanza na hii: siku ile sikuwa na malaria, sikunywa kitu, na kichwa yangu ilikuwa muzima. Ninasema mbele, kwa sababu najua batu. Ukigusa tu hadisi ya bafu, batu benye balikufa, banakuuliza, "Ulikula nini?" Nilikula mukate na chai, kama kila siku. Sasa sikiliza.

Mimi ni sekretere mu biro moja ya serikali hapa Butembo. Jina ya biro hapana uniulize, kazi bado naitaka. Biro yetu ilikuwa imegawanyika bibaya. Upande moja sisi batoto ya hapa, upande ingine bale benye serikali ilituma kutoka mbali, Kinshasa, Kasai, Kisangani. Asubui kila mutu alikuwa anasalimia bake. Unaingia, unasema bonjour, macho zinaenda ku dirisha. Mimi mwenyewe sikuwa nasemezana na Mama Béa wa Kinshasa. Juu ya nini? Juu ya ufunguo ya choo. Cheka tu. Vita ya ufunguo ya choo ilituchukua musimu muzima ya mvua.

Shefu wetu, Papa Mukendi, mutu wa Kasai, mulefu, mupole, mukristo wa kuimba sana, akachoka. Alisoma mu telefone kama mu inchi zingine bafanyakazi banatoka inje pamoja, banavuta kamba, banafungana macho, banacheza sawa batoto, na roho zao zinaungana. Akatuita. Akasema, "Siku ya posho, Jumamosi, hakuna kazi, lakini tutaenda inje sisi wote. Mwenye atabaki nyumbani, Jumatatu anifikie mu biro."

Kuenda mbali haikuwezekana, munajua barabara zetu. Kiwanja akajitafutia yeye mwenyewe, ku njia ya kuenda Musienene. Ilikuwa pana, tambarare, majani tupu, bila hata muti moja. Papa Mukendi alifurahi sana. "Angalieni! Mungu alituwekea!"

Sasa weye niambie. Huku kwetu batu banalima mpaka ku migongo ya milima, kwenye hata mbuzi inateleza. Maharagi inapandwa pembeni ya barabara, biazi nyuma ya choo. Halafu unaona kiwanja tambarare, udongo muzuri, na hakuna mutu amepanda hata kitunguu. Hautauliza?

Yeye hakuuliza, juu si wa hapa. Sisi tulijua. Kasereka, shofere wetu, aliniangalia mu kioo ya motoka, na mimi nikamuangalia. Pale njo kulikuwa mahema ya bagonjwa, wakati ya Ebola. Kulikuwa lupango, uzio ya plastiki, rangi ya machungwa. Bagonjwa ndani, bandugu inje, banaitana majina kwa mbali. Kugusana, hapana. Kabisa. Kiisha ugonjwa ikaisha, mahema ikaondolewa, lupango ikatoshwa, na majani ikaota.

Na kwa nini hatukumuambia? Ni hii kosa ya batu ya hapa. Wakati ya ugonjwa, bageni balitusema sana. Eti sisi Banande, batu ya hapa, ni bichwa nguvu, eti banakataa daktari, eti banaamini mambo ya giza. Ile maneno ilituingia mu mufupa. Basi nani angeenda mbele ya shefu wa Kasai kusema, "Papa, pale hatutake, pale batu yetu balikufia"? Angesema, njo bale tena na mambo yao! Tukafunga kinywa. Kwa heshima, na kwa kiburi pia.

Bon. Tulifika. Na minabaambia ukweli, asubui ilikuwa tamu. Tulivuta kamba, Mama Béa akaanguka mu matope na suruali yake nyeupe, akacheka mpaka machozi, na mimi nikacheka naye mbele nikumbuke kama tuko na vita. Tulikula bugali na sombe, majani ya muhogo. Batu ya Kinshasa balijaribu kuimba wimbo ya Kinande, balituua na kicheko. Papa Mukendi alikuwa anatembea katikati yetu na filimbi ku shingo, meno yote inje.

Kiisha, ya mangaribi, ukungu ikashuka. Ile ya milima yetu, nzito, ya baridi, yenye inakufichia hata viatu zako. Nilifikiri tutarudia nyumbani. Papa Mukendi akasema bado muchezo moja, njo ya maana kupita zote.

"Munajua vile tunafanyaka mutu akikamata barabara ya Beni," akasema.

Tunajua. Nani hajue? Ku ile barabara, batu benye silaha banauaka basafiri. Mwenzako akienda Beni, hakuna mutu anakula vizuri mu biro. Kila moja anaangalia telefone. Mpaka ile neno moja iingie: nimefika. Hata ukuwe unamuchukia, ukisikia nimefika, roho inashuka. Hata Mama Béa, siku alienda Beni, nilingojea neno yake. Sikumuambia.

"Basi hapa ni vile vile," Papa Mukendi akaendelea. "Moja anafungwa macho, mwenzake anamushika mukono, anamutembeza. Hakuna kusema. Mukono njo itasema. Na hapana kuachilia mukono mpaka mwenye anaongozwa aseme, 'Nimefika.' Mbele ya pale, hata mvua inyeshe mawe, hapana kuachilia."

Na mimi akanipatia nani? Mama Béa. Bien sûr.

Akanifunga macho na kipande ya kikwembe, kitambaa ya kitenge, akaifunga nguvu, nafikiri alikuwa bado anakumbuka ufunguo. Filimbi ikalia. Akanishika. Mukono ya Mama Béa naijua, iko laini, makucha mulefu, pete mbili zenye zinakuchoma. Tukatembea kidogo. Halafu akaniachilia. Tu hivi. Nikasimama. Nikajisemea, angalia huyu mwanamuke, hata muchezo ya batoto hawezi kumaliza.

Nikangojea. Kimya. Sauti za benzangu zilikuwa zinaenda mbali, sawa batu benye bako ku ngambo ya muto.

Kiisha mukono ikarudia kunishika.

Nilitaka kumutukana kidogo, lakini nikanyamaza, juu muchezo inakataza kusema. Tukaanza kutembea. Na polepole, bandugu, nikaanza kusikia kama kuna kitu haiko sawa. Pete, hakuna. Makucha, fupi. Kiganja ilikuwa nguvu, mukono ya mama wa jembe. Ngozi ilikuwa kavu, imepasuka, na ilikuwa inanuka klore, ile dawa ya maji ya kuua bijidudu. Si kidogo. Ile harufu ya ndoo zenye zilikuwa zinasimama ku kila mulango wakati ule, kwenye tulikuwa tunaosha mikono mpaka vidole vinauma. Mutu wa Butembo hawezi kuisahau.

Nikajidanganya. Pengine Papa Mukendi amebadilisha batu, ni sehemu ya muchezo. Ungefanya nini weye? Mutu anatafutaka kwanza jibu yenye itamuacha alale.

Alikuwa ananitembeza muzuri sana. Mahali ya shimo, ananivuta pembeni. Na kidole yake kubwa ilikuwa inapapasa mugongo ya mukono yangu, polepole, sawa vile mama anatuliza mutoto mu misa. Lakini kila mara tulifika fasi moja, alisimama. Alisimama, akatetemeka, akageuka, turudie nyuma. Kiisha tena mbele, tena pale pale, anasimama. Tena nyuma. Sikusikia majani chini ya miguu yake. Yangu tu.

Mara ile ya mwisho akasema. Sauti ya mama muzima, ya polepole, na Swahili ya kwetu yenye Kinande iko ndani.

"Mama, batu bangu bako kule upande ingine?"

Sasa nilijua tuko wapi. Tulikuwa ku mustari ya lupango.

"Nasikiaka bananiita jina," akasema. "Lakini hapa bananikatazaka kupita."

Eh, Yesu wangu. Minabaambia, mukono ya kushoto ilikuwa imeshaenda ku kikwembe, nitoshe, niangalie, nikimbie, nianguke, yote moja. Nani angenicheka? Lakini mukono ya kuume alikuwa ameishika, na hakuwa ananivuta, hakuwa ananikaza. Alikuwa ananishika sawa mutu mwenye anaogopa utachoka naye.

Na mimi nikamukumbuka mama yangu mudogo, wa Mangina, kwenye ugonjwa ilianzia. Alikufa wakati ile. Yeye alinilea, alinisukaka nywele. Siku ya kumuzika tulisimama mbali, tukaona mufuko ya maiti inapita, basi. Kwetu mutu akikufa banamushika, banamuosha, banamulilia na mikono juu yake. Yeye hakuna mutu alimushika. Hiyo iko mu tumbo yangu mpaka leo. Nikaanza kulia chini ya kikwembe, machozi ikajaa mule ndani.

Nikasema, "Mama, hakuna lupango tena. Baliitosha zamani. Twende."

Hakusogea.

"Mimi njo nitakuongoza sasa," nikamuambia. "Sitakuachilia. Utasema mwenyewe ukifika."

Nikapiga hatua. Mimi mwenye macho imefungwa! Mukono yake nikaikaza. Nikapiga ingine. Nikasikia ameshika pumuzi yake, sawa mutu anapita mu maji ya baridi. Na akanifuata. Majani ikaisha chini ya miguu yangu, nikagusa mawe. Mbali kabisa filimbi ya Papa Mukendi ilikuwa inalia, inalia. Sikugeuka. Klore ilikuwa inapungua. Mahali yake ikaingia harufu ya moshi ya kuni na biazi ya kuchoma, sawa uko karibu na mulango ya jikoni ya mutu.

Akasimama. Akasema na furaha, vraiment furaha, sijasikia mutu akisema neno ile vile:

"Nimefika. Wasingya, mama."

Wasingya, njo aksanti ya kwetu. Hakuvuta mukono. Ilikuwa tu nyepesi, sawa mutoto mwenye analala na vidole yake inalegea mu yako. Kiisha nilikuwa nashika baridi.

Nikatosha kikwembe. Nilikuwa pembeni ya barabara, ku yale mawe kwenye bandugu ya bagonjwa balikuwa banakaa kungojea. Hakuna mutu. Hakuna nyumba, hakuna jikoni, hakuna moshi. Ukungu tupu.

Mama Béa akatokea anakimbia, viatu mu mikono, analia. Kumbe aliniachilia tu afunge jaketi yake, juu ya baridi, na akigeuka, mimi siko. Alinitafuta mpaka sauti ikakauka. "Pardon, Mama Sekretere, pardon," alikuwa anasema, "nilifikiri nimekupoteza." Akakamata mukono yangu ya kuume na mikono yake yote mbili. Halafu akaleta pua, akaniangalia.

"Umenawa na klore? Wapi?"

Mu kiwanja ile hakukuwa hata ndoo. Maji tulibeba ilikuwa ya kunywa.

Mu motoka Kasereka njo alimuambia Papa Mukendi ile fasi ilikuwa nini. Mimi, Mama Béa njo alinishikilia njia yote. Nilingojea Papa Mukendi acheke, ao akasirike. Tukaanza kuona taa za Butembo.

"Kwa nini hamukuniambia?" akauliza.

"Juu weye ni shefu, Papa," Kasereka akajibu. "Na juu tulifikiri hautatuamini."

Akatosha kofia. Akasema, "Kaka yangu alikufia ku hospitali ya mbali, peke yake. Na mimi ningewaamini." Kasereka akasimamisha motoka pembeni, na ule mutu wa Kasai akaombea bafu yetu, bafu benye hajue hata jina. Na sisi tulikuwa tunamuita mugeni.

Ni hivi ilikuwa. Hauamini? Kuja biro kwetu. Asubui tunashikana mikono sisi wote, na hakuna mutu anaachilia mbio. Ufunguo ya choo iko inaning'inia ku musumari, ya kila mutu. Kiwanja ile tulirudiako, na padri akasoma misa, na bandugu ya bale bafu bakakuya, benye hatukujua kama bako, bakapiga magoti mu majani, bakashika udongo na mikono. Sasa kuna mama analima pale maharagi.

Lakini mukono yangu ya kuume haijapona. Nikienda ku kilio, nikimushika mwenye amefiwa, harufu inarudia. Nimenawa na sabuni, na ndimu, bule. Na wakati ingine, mwenye ananishika anauliza kwa sauti ya chini, "Mama, umesikia mutu wangu? Amefika?" Najibu nini? Nasema, bado tunatembea.

Donc, weye mwenye utapeleka batu yako ku michezo inje: kwanza uliza batu ya pale, ile udongo ilikuwa ya nani. Na bale ya pale, tafazali, museme. Na kama siku moja macho yako imefungwa, na mukono yenye haujue inakushika, hapana kupiga kelele, hapana kukimbia. Shika. Pengine kuna mutu mwenye hakuna alimushika siku yake ya mwisho, na yeye bado anangojea kusema ile neno.