Suti za Kuamkia

Mama Fundi wa mtaani kwetu, anayeshona nguo za kuzikia, hajawahi kumshonea marehemu suti ya kubana. Hata vifungo huvivuta mara tatu, asije mtu akafufuka kikadondoka kimoja.

"Mama, huyu hapumui tena, nani atalalamika?" huwa tunamtania.

Hujibu na pini zake mdomoni: "Siku ya ufufuo mnataka niitwe mbele za watu nikapanue suruali?"

Mumewe alipofariki, ugonjwa ulikuwa umembakiza mifupa mitupu. Shemeji yake akaleta vipimo. Mama Fundi hakuvitazama, akakata suruali ya kuingia watu wawili.

"Shemeji, itampwaya!"

"Ataamka na kitambi chake," alisema, akikanyaga cherehani. "Nimekilisha miaka thelathini. Mungu hawezi kukipoteza."