Josho Lililokamilika Ukutani

Juzi nilikuwa kwenye foleni katika ofisi moja ya serikali hapa Eldoret. Ofisa wetu ametoka ng'ambo kusomea usimamizi wa miradi, na ukutani ametundika chati: kila kazi na mstari wake, siku ya kuanza na siku ya kumaliza. Alitueleza kwamba chati za namna hiyo zilibuniwa na mainjinia wa zamani, zikajenga meli na mabwawa. Mradi hupangwa, kisha hufuatiliwa. Yeye hufuatilia kwa penseli nyekundu, bila kuondoka kitini.

Mama mmoja mfugaji kutoka Turbo akauliza, "Na josho letu la ng'ombe?"

Ofisa akagusa mstari uliopakwa rangi mpaka mwisho. "Mama, hiyo ilikwisha mwezi jana."

"Kule iko shimo tu. Simiti hatujaona."

"Kulingana na plani, imekwisha."

Mama alitoa kiberiti kwenye kikapu, akakifungua juu ya meza. Kupe wanene wakaanza kutembea juu ya mafaili.

"Ng'ombe wawili wamekufa. Hawa ndio walibaki. Waogeshe hapo kwa ukuta."

Ofisa alipanda juu ya kiti. Huo ndio mradi pekee niliouona pale ukikamilika kabla ya wakati wake.