Sifuri ya Jumanne

Mama Vipimo alikuwa na sharti moja: ukiinuka kitini, hata kama unakwenda msalani, toka kwanza kwenye jina lako katika kompyuta. Wapimaji wenzake wawili katika kituo cha kusafisha maji walimcheka, lakini walitii. Walikumbuka siku ambazo wote watatu waliingia kwenye kompyuta kwa jina moja, "Ofisi", na neno la siri limebandikwa pembeni mwa kioo. Asubuhi moja kipimo cha dawa ya maji kilikutwa kimebadilika, na kila mmoja akaapa si yeye.

Hapo ndipo alipompa kila mtu jina na neno lake la siri. Siku ya kwanza aliboronga. Mpimaji wa zamu ya mchana aliingia kwa jina lake, akakuta jedwali tupu, kana kwamba mji haujawahi kunywa maji.

"Dada, umetufungia maji kabatini kwako," akamwambia.

Kweli, vipimo vyote vilikuwa vimebaki kwenye folda binafsi ya Mama Vipimo. Akavihamishia kwenye folda ya wote: kila mtu asome, kila mtu aongeze kwa jina lake, wa kufuta asiwepo. Aliyekosea aandike sahihisho chini ya kosa, na kosa libaki.

Jumanne moja mpimaji wa mchana aliandika sifuri kwenye kipimo cha dawa. Pampu ya dawa ilikuwa imekufa. Alimpigia mkuu wa kituo, akaambiwa maji yasifungwe. Wiki ile watoto wa mtaa wa bondeni waliharisha, na wakaguzi wakatoa taarifa kwamba wanakuja.

Mkuu huyo, ambaye ni kaka mkubwa wa mume wa Mama Vipimo, alifika mwenyewe mezani, sauti laini kama anayembembeleza mtoto anywe dawa. Alitaka neno la siri la msimamizi, la pekee lililoweza kufuta, ambalo lilikuwa kwa Mama Vipimo peke yake. Hapa sisi ni familia moja, alisema, makufuli ya nini?

"Shemeji, ni namba moja tu," akaongeza.

"Basi andika yako chini yake, kwa jina lako. Ya mwenzako huigusi."

"Mimi ndiye niliyekuombea kazi hii."

"Nakumbuka, shemeji. Hukuniombea kazi ya kufuta."

Akainuka kumfungulia mlango. Kabla hajainuka, alitoka kwenye jina lake.

Wakaguzi waliikuta sifuri mahali pake. Wapo waliosema angetumia busara. Busara ya namna hiyo ni woga uliovaa koti.

Mkuu alipewa barua ya onyo, akabaki na kiti chake. Mama Vipimo alihamishiwa getini, na huu ni mwaka wa sita anaandika namba za magari kwenye daftari. Shemeji yake hajakanyaga tena nyumbani kwao, na mumewe bado anamlaumu.