Auntie Aliniita Mtoto Wake Mbele ya Mgeni wa Basari

Jumapili jioni

Dada Admin,

Naomba ufiche jina langu, maana auntie yangu ana marafiki wengi wanaosoma ukurasa huu. Nina miaka ishirini na mmoja, nasomea uuguzi katika chuo kimoja hapa Eldoret, mwaka wa pili. Baba sikumjua. Mama alifariki nikiwa nangoja matokeo ya kidato cha nne. Tuliishi kijijini Soy, tukilima shamba la kukodi. Wakati wa kupukuchua mahindi, mama aliniwekea kando kila hindi lenye punje nyekundu, hata nilipokuwa msichana mkubwa. Alikuwa akisema, "Hili ni lako, usiulize kwa nini." Sijui kwa nini nakumbuka hilo kuliko mambo makubwa.

Siku ya mazishi, dada yake mdogo, ambaye ndiye huyu auntie, alinishika mkono mbele ya watu akasema nitaishi kwake hapa mjini, mtaa wa Kapsoya. Nilimshukuru Mungu. Kwake sijawahi kulala njaa, hilo siwezi kukana. Lakini nalala stoo, pamoja na magunia ya duka lake, na nikichelewa kuosha vyombo nasikia, "Mtoto wa marehemu, kwani ulikuja hapa kustarehe?" Nilizoea. Ukiwa kwa watu huwezi kukosa la kuvumilia.

Karo yangu inalipwa na basari ya wafadhili fulani. Mwaka wa kwanza walikuja Soy, wakaona nyumba niliyoishi na mama, jirani akanitolea ushahidi. Lakini basari hii ukishaipata lazima uilinde. Kila mwaka unaomba upya, alama zisishuke, na wanakuja kuona unaishi vipi. Alama nilikuwa nazo. Nikamwambia auntie kwamba mgeni atakuja Jumamosi.

Asubuhi hiyo alitandika vitambaa vyeupe kwenye viti, akachinja kuku. Akaniambia nitoe godoro langu stoo nilifiche nyuma ya nyumba, na nivae rinda la binti yake Joan, aliye shule ya bweni. Nilidhani ni heshima tu. Kwetu mgeni haonyeshwi shida za nyumba.

Akaja mama mmoja wa ofisi ya basari. Auntie alipomwona mlangoni alishtuka kidogo, kwa sababu wanasali kanisa moja, na auntie ni kiongozi wa akina mama pale. Lakini alijikaza haraka.

"Ongeza kuku, madam. Usimwogope, huyo haumi tena!"

Madam akacheka, akala. Kisha akauliza, "Na huyu msichana ni nani wako?"

"Huyu ni mtoto wangu," auntie akasema. "Kwetu dada ya mama ni mama. Hapa hakuna yatima, madam. Ebu njoo uone anapolala."

Akampeleka chumba cha Joan. Nilibaki sebuleni nimeshika birika la chai, nikisikia anaonyeshwa kitanda na pazia. Waliporudi, auntie alikuwa anasema, "Huyu tutamsomesha wenyewe. Hiyo nafasi mkimpa mtoto mwenye shida kweli, sisi hatutakasirika."

Madam akanigeukia. "Na wewe mama, uko na la kusema?"

Kabla sijafungua mdomo auntie akacheka. "Huyu? Huyu ukimpa chai anasahau kuongea."

Nikasema, "Hapana, madam." Mtoto hamkosoi mkubwa mbele ya mgeni, hivyo ndivyo nilivyolelewa. Na nitawaambia ukweli, ndugu zangu. Kwa dakika moja nilifurahi. Sikuwa nimewahi kuitwa mtoto wake. Nilifikiri labda amebadilika, labda atanilipia kweli.

Madam hajafika hata barabarani, auntie akaniambia, "Vua hiyo nguo ya Joan, na urudishe godoro lako stoo."

Wiki mbili baadaye ofisi ilinipigia simu kuwa nimetolewa, kwa sababu sasa nina mzazi anayejiweza. Nilimpelekea auntie habari hiyo jikoni.

"Sasa auntie, karo utanilipia?"

"Mimi? Nitoe wapi? Joan naye asome na nini?"

"Lakini ulimwambia madam..."

"Ulitaka nimwambie nini? Niseme mtoto wa dada yangu analala na magunia? Kanisa lote lijue? Mimi nilikusitiri, na wewe unanidai!"

Niliosha vyombo nikilia kimya kimya. Kama angekataa kumpokea mgeni nisingeumia hivi. Aliniita mtoto wake siku moja tu, na siku hiyo ndiyo aliyoninyang'anya shule.

Ofisi imeniambia naweza kukata rufaa, mwisho ni Ijumaa. Chifu wa Soy yuko tayari kuniandikia barua kuthibitisha kwamba mimi ni yatima. Lakini lazima niseme ukweli wote, na yule madam atarudi, bila kutangaza siku, aone stoo. Auntie amesikia. Ameniambia, "Siku utakayoenda huko kuniaibisha, beba na nguo zako." Mjomba naye, kaka yao, amenipigia akisema nisimvue nguo dada yake mbele ya kanisa, eti masomo yanangoja lakini damu haingoji. Nikimaliza chuo nina uhakika wa kazi. Nikinyamaza, nitabaki na mahali pa kulala na sitakuwa muuguzi kamwe. Nikisema, nitakuwa na karo na sina mlango wa kurudi, na wale wote walionishika mkono kaburini kwa mama watakuwa wamenipa mgongo.

Wazazi, dada zangu, kaka zangu, ningekuwa binti yenu mngeniambia nifanye nini kabla ya Ijumaa? Msinitukanie auntie, tafadhali, bado ana sura ya mama yangu akicheka. Niambieni tu njia. Na asiye na ushauri, akipiga magoti leo, anikumbuke.