Udongo wa Mlangoni

Mwaka wa korona nilianza kukohoa, nikajitenga chumbani kwangu machimboni Rwamgasa. Mke wangu alinipitishia ugali dirishani. Siku ya tano nilichoka kutazama mabati, nikajiuliza: miaka tisa nasaga mawe ya dhahabu kwenye karasha, na kila jioni nakung'utia nguo hapa mlangoni. Udongo huu hauna kitu kweli? Mchimbaji hana adabu na udongo, hata wa nyumbani kwake. Nikakwangua sakafu, nikaosha vumbi lake kwenye karai. Ikabaki chembe moja ya njano, ndogo kuliko jicho la sisimizi. Nikamwita mke wangu kwa furaha. Aliichungulia dirishani, akaniuliza, "Baba watoto, kama sakafu imemeza hiyo, kifua chako kimemeza nini?"