Miguu ya Darasa la Tano

Levina binti Vedasto bin Lugembe, mwalimu wa darasa la tano huko Isevya, ametoka kwa watu wa maji. Babu wa baba yake alikuwa mpagazi aliyetangulizwa mbele ya msafara, mwendo wa siku mbili, atafute pa kunywa. Hakuna msafara uliokufa kiu ukiwa naye. Babu yake Lugembe alichimba visima kwa jembe la kufuliwa na mhunzi. Baba yake Vedasto aliyanywesha maji magari moshi stesheni ya Tabora mpaka mvuke ulipokoma. Levina mwenyewe hakuchimba kitu. Alifundisha, mwaka wa thelathini na moja sasa, na mtoto aliyepita mkononi mwake hasemi bwawa akimaanisha lambo.

Jumanne ile ilikuwa somo la vyanzo vya maji. Kila mtoto alikuja na chupa ya maji ya kwao, na kadi ya boksi yenye jina la mahali yalipochotwa. Chupa zilipangwa juu ya benchi. Nyuma kabisa aliketi Bwana Adinani, mdhibiti ubora wa shule, kijana wa shati lililonyooka, kalamu mkononi, andalio la somo mapajani.

Levina aliinua chupa moja moja kwenye mwanga wa dirisha. Ya Amne, bomba, safi. Ya Gerson, bomba, akatulia. Maji yalikuwa meupe kama ya kuoshea mchele.

"Mwalimu, bomba la kina Gerson linakamuliwa!" akasema mmoja, darasa likacheka.

Akainua nyingine, na nyingine. Kadi zote bomba, maji yote meupe. Maji yale aliyajua. Yalikuwa ya kisima cha bondeni, ng'ambo ya reli, ambacho bwana afya alikizungushia miiba wiki mbili nyuma, choo kilipotitia kandokando yake kwa mvua.

"Rosalia, pacha wako yuko wapi leo?"

"Leopoldi anaharisha, mwalimu. Tangu juzi."

Darasa likacheka tena. Levina hakucheka.

"Na maji haya mmechota wapi?"

"Bomba."

"Bomba la wapi, mama?"

Macho ya mtoto yakamkimbilia yule mtu wa kalamu. Hapo Levina akaelewa. Manirambona, baba yake Rosalia, alihamia mjini kutoka makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, na wanawe aliwafundisha jambo moja: mbele ya mtu anayeandika, funga mdomo. Wengine nao walikuwa wameonywa hivyohivyo makwao. Akiwabana, watang'ang'ania bomba mpaka jioni, na Leopoldi yuko mkekani anakauka.

"Nje wote. Na kadi zenu."

Bwana Adinani akasimama. "Mwalimu, andalio linasema sasa hivi wanaimba msamiati."

"Watauimba kwa miguu, Bwana Adinani. Karibu nje, kuna hewa."

Uwanjani akamwaga mistari ya majivu: hii barabara, hapa bomba, hii reli, huu mteremko, hili bonde. "Hapa ni mlangoni kwenu. Jitwike ndoo, fumba macho, nenda kachote kama ulivyokwenda asubuhi. Kila unapopita, taja jina lake."

Amne akaenda. "Barabara. Nakunja. Bomba." Akapigiwa makofi.

Gerson akafumba macho. "Barabara," akasema. Miguu ikapita bomba bila kusimama. "Reli." Akaegemea nyuma, magoti yakalegea kama ya mtu anayeshuka. "Mteremko. Bonde." Kisha akainua mguu juu sana, akashusha taratibu, akainua wa pili.

"Umeruka nini, Gerson?"

"Miiba, mwalimu," akajibu, ndipo akafumbua macho na kujishika mdomo.

Hakumgombeza. Akaita mwingine. Kumi na mmoja walipita, kumi na mmoja wakainua mguu palepale. Baada yao akaja Rosalia, wa mwisho. Alipofika bondeni alichutama, akalia.

"Kwa nini hamwendi bombani, mwanangu?"

"Foleni, mwalimu. Ukipanga foleni unachelewa shule. Ukichelewa unachapwa."

Anayesimama getini na fimbo saa moja na nusu, miaka yote hiyo, ni Levina mwenyewe. Na majirani wanamsifu kwa hilo. Alitazama mikono yake, akaificha ndani ya khanga.

"Hili halimo kwenye andalio," alisema Bwana Adinani, sauti imeshuka.

"Halimo. Andika kwamba halimo. Andika pia kwamba kesho getini mwenye ndoo hachapwi, nimesema mimi." Kisha akamsogelea. "Una pikipiki?"

"Ninayo, mwalimu."

"Weka kalamu mfukoni. Mpakie Rosalia akuoneshe kwao, mchukue Leopoldi na mama yake, uwafikishe kituo cha afya sasa hivi. Mimi nazunguka nyumba hizi nyingine na watoto, tumwage maji hayo. Na ukifika mlangoni, baba yangu, usiulize walichota wapi. Toa shikamoo kwanza, halafu uliza mtoto ameharisha mara ngapi tangu alfajiri."