Jiwe Lenye Jina la Gaudens

Simu ilimkuta Benedikta amechuchumaa nyuma ya meza yake katika soko la Mchikichini, mkono mmoja umeshika kiatu cha kushoto, mwingine unapekua cha kulia ndani ya rundo lililotoka kwenye belo la mitumba asubuhi ile. Aliyepiga alikuwa Abdulhamid, kijana wa Feri, kule soko la samaki la baharini, aliyefundishwa fizikia na marehemu mumewe, Mwalimu Gaudens. Sasa alikuwa mtaalamu wa mambo ya anga huko Afrika Kusini.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Za huko?”

“Huku salama. Mama, nina habari njema, lakini kaa kwanza.”

“Nimeshakaa. Sema.”

Abdulhamid akamwambia kwamba kuna jiwe angani limepewa jina la Mwalimu. Kwa hesabu za huko juu ni jiwe dogo tu, ingawa ukililaza mjini litaanzia hapo sokoni na kuishia Feri. Linazunguka jua pamoja na mawe mengine mengi mno katika mkanda ulio kati ya Mirihi na Jupita, upande wa ndani wa mkanda huo. Yeye na wenzake walipeleka jina, kamati inayohusika ikalikubali. “Kuanzia leo, mama, dunia nzima likitajwa jiwe hilo linaitwa Gaudens.”

Benedikta aliviweka viatu chini. Alifuta uso kwa kona ya kanga, akawa anaitikia “ehee, ehee” mpaka simu ikakatika. Kilichomjia ni Gaudens akiwa uwanjani kwenye shule yao ya kutwa pale Ilala, jioni umeme umekatika mtaa mzima, anawaita wanafunzi wa masomo ya jioni watoke nje waone nyota kabla taa hazijarudi. Akamjia pia Gaudens akirudi nyumbani ananuka moshi wa samaki, siku alipokwenda Feri kumbembeleza baba yake Abdulhamid asimwachishe mtoto shule ili akakaange samaki. Alibembeleza kutwa nzima. Kisukari kilipomwangusha, Abdulhamid alikuwa wa kwanza kufika msibani.

Mtu wa kwanza kuambiwa alikuwa Uledi, muuza mikanda wa meza ya mbele yake, mwenyeji wa mji, mpole, mtu wa kuswali. Alivuka njia akampa mkono.

“Hongera sana, Mama Severa. Mwalimu kafika mbali.”

Jioni Severa, bintiye Benedikta, alichukua maelezo aliyoandika Abdulhamid akayatupia kwenye grupu la wasapu la wafanyabiashara wa soko. Yalikuwa maelezo mazuri, marefu, na ndani yake kulikuwa na sentensi moja iliyosema kwamba Alhamisi ijayo jiwe hilo litakuwa karibu na dunia kuliko siku nyingine yoyote ya mzunguko wake huu. Mtu mmoja, ambaye hajajulikana hadi leo, aliikata sentensi hiyo peke yake akaisambaza.

Video ilianza kuzunguka Jumatatu. Ilikuwa na mlio wa king’ora, maghorofa ya mjini, na dude la moto linashuka juu yake. Chini kwa herufi nyekundu: JIWE LA GAUDENS KUTUA DAR ALHAMISI. Sauti ya mwanamume ilieleza kwamba mnajimu mmoja mzaliwa wa Feri ndiye aliyeligundua na kulipa jina la mtu aliyekufa, na kwamba familia ya marehemu inalijua jambo hilo fika.

Neno lililoharibu ni hilo la mnajimu. Abdulhamid mwenyewe hujiita mtu wa elimu ya falaki, anayepima nyota kwa mitambo. Lakini sokoni mnajimu ni yule anayekupigia bao, akakutajia nyota yako na adui yako. Kufikia Jumanne mchana ilishakuwa kwamba Mwalimu Gaudens naye alikuwa akiwatoa watoto wa watu nje gizani kwa kazi hiyo hiyo, na sasa jina lake linaliita jiwe.

Wateja walianza kupita wameangalia upande mwingine. Dada mmoja aliyenunua raba wiki iliyopita alizirudisha, akaziweka pembeni ya meza bila kudai chochote, akaondoka kwa hatua za haraka. Vijana wa kushusha mizigo waliacha kumtania. Benedikta alizoea kelele za Mchikichini tangu alipokuja mjini kutoka Ndanda akiwa mwali, na hakuwahi kujua kwamba kunaweza kuwa na kimya kuzunguka meza moja tu katikati ya kelele hizo.

Jumanne hiyo hiyo alasiri Uledi alivuka njia tena. Safari hii nyuma yake walikuwepo wanaume kadhaa.

“Mama Severa, sisi ni majirani. Mpigie huyo mnajimu wenu, alifute hilo jina.”

“Jina likifutwa, jiwe litakwenda wapi, Uledi?”

“Mimi sijui. Ninachojua ni kwamba lilikuwa halina jina na halikuwa na habari na sisi.”

“Haliji huku. Abdulhamid ameandika, na wewe umesoma.”

Uledi alisogea karibu na meza. “Nilipokuwa nakaa bondeni Msimbazi niliambiwa nitulie, maji hayafiki kwangu. Nikatulia. Maji yaliingia yakagusa dari, na mama yangu yumo ndani. Kwa hiyo usiniambie nitulie. Mke wangu kajifungua juzi tu. Mwambie alifute.”

Mwanamume mmoja wa nyuma akaupiga mguu wa meza teke, viatu vikamwagika. Uledi hakumkemea, lakini hakuinua macho pia.

Jioni Benedikta alimpigia Abdulhamid. Severa alikaa kitandani anasikiliza.

“Nataka unijibu kama unavyomjibu mama yako mzazi,” alisema. “Linaweza kuja?”

“Haliwezi, mama. Hiyo Alhamisi wanayoisema, hapo ndipo linapotukaribia sana, na bado litakuwa mbali nasi karibu sawa na jua lilivyo mbali. Likishapita hapo linaanza kutuacha. Linafanya hivyo miaka na miaka, tangu hakuna mtu duniani.”

“Niapie.”

“Wallahi, mama.”

Abdulhamid alirekodi pia maelezo ya sauti, ya taratibu, ya kueleweka. Severa akayatuma kwenye grupu, nayo yakazidisha moto, maana watu walisema ndiyo hiyo sauti ya mnajimu mwenyewe. Ndipo Benedikta alipoelewa kwamba jambo lile halikuwa tena na mlango wa kuingilia kwa maneno. Kusema kweli, naye kuna pembe ya moyo wake iliyokuwa inasikiliza king’ora. Abdulhamid alikuwa mtoto mkweli, lakini hata madaktari wa Gaudens walikuwa wakweli, na walimwambia mgonjwa anaendelea vizuri.

Jumatano mwenyekiti wa soko alimfuata, mtu wa heshima, akamwomba kesho asifungue meza. Hakumtisha. Alisema tu kwamba vijana wana maneno yasiyo mazuri, na yeye hana askari wa kumwekea.

“Nisipokuja watasema nilijua, nikakimbia,” Benedikta alimjibu.

“Na ukija je?”

Benedikta akaendelea kupanga viatu. Severa alimshika mikono usiku ule, akamsihi wapande basi waende Ndanda hadi mambo yapoe. Benedikta alikataa kwa sababu aliyoona aibu kuitamka: wakimpiga, watakuwa wamempiga yeye, lakini akikimbia, ni Gaudens watakayemvunja, na Gaudens hana wa kumtetea.

Alhamisi ilikucha na jua kali. Njia za Mchikichini, ambazo kwa kawaida hupiti bila kukanyagwa, zilikuwa na nafasi. Meza nyingi zilikuwa zimefunikwa maturubai na kufungwa kamba. Benedikta alifungua yake. Alipanga viatu mstari kwa mstari kama siku yoyote, lakini alifunga gidamu moja mara mbili. Uledi naye alifika. Hakumsalimia. Alikaa kwenye kigoda chake mikanda ikining’inia juu ya kichwa, na kila mara alikuwa akitazama juu, pale ambapo anga huonekana kati ya mabati.

Kufikia adhuhuri watu walikuwa wameanza kukusanyika mwishoni mwa njia. Hawakuja kununua, walikuja kumwangalia. Mmoja akasema kwa sauti, “Si atoke aseme linaanguka wapi.” Mwingine akaitikia. Wakasogea. Benedikta alisimama, akaweka viganja vyote viwili mezani.

“Njooni karibu mnisikie,” alisema. “Mimi sina cha kuwaficha. Mume wangu alikuwa mwalimu. Jiwe hilo lina jina lake na haliji. Na kama linakuja, basi mimi hapa, nimesimama chini yake pamoja nanyi.”

Kabla mtu hajamjibu, ulipiga mshindo.

Ulitokea upande wa barabarani, mkubwa, mkavu, ukatikisa mabati. Kisha kundi lote likageuka na kukimbia, na waliokuwa mbali wakakimbilia huku, na njia ile nyembamba ikajaa watu wasiojua wanakokwenda. Nguzo ya meza ya jirani iling’oka. Turubai likashuka. Benedikta alibanwa ukutani na akamwona Uledi ananyanyuka kwenye kigoda, anasukumwa, anakwenda chini, na watu wanapita juu yake.

Hakufikiri. Alipiga magoti, akatambaa chini ya meza yake, akanyoosha mkono katikati ya miguu ya watu. Mtu alimkanyaga vidole. Alishika nguo, ikachanika. Akashika mkono, akavuta kwa nguvu zote, akavuta tena, mpaka kichwa na mabega ya Uledi vikaingia chini ya meza. Mguu ulikuwa wa mwisho, na ulipoingia alisikia Uledi anaguna kama ng’ombe. Akamkumbatia yeye pamoja na mguu wa meza, viatu vikiwaporomokea mgongoni.

“Limeanguka?” Uledi aliuliza. Uso wake ulikuwa umejaa vumbi, machozi yamechora njia.

“Sijui.”

“Mama Severa, limeanguka?”

“Sijui, Uledi. Tulia nami hapa.”

Alipolisikia neno hilo la kutulia limemtoka, alimwona naye amelisikia. Lakini safari hii Uledi alimshika mkono, wakakaa hivyo, kila mmoja akiomba kwa dini yake, hadi miguu ilipopungua njiani na sauti ya mtu ikapita inasema ni tairi. Tairi la fuso lililoleta mabelo ya nguo ndilo lililopasuka pale barabarani. Mahali fulani mtu alianza kucheka, kicheko cha mtu aliyeishiwa nguvu, kikasambaa.

Mguu wa Uledi ulikuwa umevunjika chini ya goti. Benedikta alichomoa vipande viwili vya ubao kutoka kwenye meza iliyoanguka, akavifunga mguuni kwa mikanda aliyoiokota, na wale wanaume waliokuja kumuuliza linaanguka wapi ndio waliombeba mgonjwa hadi kwenye bajaji. Mmoja wao alikuwa yule aliyeipiga meza teke. Hakusema chochote, ila alirudi baadaye akamsaidia kuokota viatu.

Wengine pia waliumia, ila kwa rehema ya Mungu hakufa mtu. Jua lilitua, Ijumaa ikaja, watu wakafungua meza zao wakiongea habari za mpira. Hakuna aliyekuja kuomba radhi kwa niaba ya soko. Wapo wateja ambao mpaka sasa wanairuka meza ya Benedikta, bila hata kukumbuka vizuri ni kwa nini.

Jumapili baada ya misa alikwenda kumwona Uledi nyumbani kwake, amebeba chupa ya uji. Uledi alikuwa amelala mguu umewekwa plasta juu ya mto, mtoto mchanga pembeni. Mkewe alipotoka kuchukua vikombe, Uledi alisema kwa sauti ya chini:

“Sasa hivi liko wapi?”

“Abdulhamid anasema limeshaanza kwenda mbali nasi.”

Uledi alimfunika mtoto vizuri. “Nilimsema vibaya Mwalimu. Yeye alinisomea barua zangu zote za ule mgogoro wa kiwanja, na hakunidai hata maji ya kunywa.”

“Najua.”

“Mimi niliogopa, Mama Severa.”

“Hata mimi niliogopa.”

Simu yake ikaita hapo hapo. Alikuwa Abdulhamid, aliyesikia kila kitu kutoka kwa Severa, na sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye hajalala. Aliomba msamaha kwa sentensi ile ya Alhamisi. Alisema, kama mama anaona ni bora, ataandika barua kwa kamati, aombe wamwondoe Mwalimu kwenye jiwe lile. Hajui kama watakubali, lakini ataomba.

Benedikta alimtazama Uledi, ambaye alikuwa anasikia kila neno. Uledi alitikisa kichwa polepole, kukataa.

“Hapana mwanangu,” Benedikta alisema. “Mwache hapo hapo alipo.”

Kisha akamuuliza kama huko kuna baridi, na kama anakula vizuri.